Kijiko cha Kumi na Mbili

Jumanne hakuna kiingilio katika kasri la Zawierzbie, kwa hiyo nusu ya kijiji ilikuwa ukumbini, imeinama, inavaa ndara za sufu juu ya viatu. Bila ndara huruhusiwi kukanyaga mbao za mabwana. Ndivyo sakafu ya makumbusho inavyong'arishwa: kwa miguu ya wageni.

Bronka Kurek, miaka sabini na minane, alikuja kwa ajili ya kibandiko kimoja. Kilikuwa ndani ya kabati la vioo, kando ya vijiko kumi na kimoja vya fedha: "Cha kumi na mbili kiliibwa na mtumishi Rozalia Kurek, 1937." Rozalia, aliyekuwa akisugua sakafu hizi, ni mama yake. Mpaka leo kijijini ukoo wao unaitwa Vijiko.

"Usigombane na watu, shoga," alisema jirani yake Genowefa. "Na mikono iweke inapoonekana. Damu yenu tunaijua."

"Nyamaza, wewe unayechuma maua makaburini."

Bronka alipokwisha kuvaa zake, kwenye sanduku la ndara zilibaki mbili, ndogo. Zikatoka zenyewe, hazina mtu ndani, zikaandamana na Bronka ubavuni huku zikisugua.

"Zipishe, mama," alisema mlinzi, Bi Wiesława. "Kwenye kona zinang'arisha kutushinda sisi."

Zilisimama chini ya picha ya bibi wa kasri wa zamani. Zikasugua palepale, mbele na nyuma, mpaka mbao zikapata moto. Bibi wa pichani alivumilia kitambo, kisha akalegeza ngumi aliyokuwa ameificha ndani ya mkono wa gauni. Kijiko kikaanguka sakafuni.

Mlinzi alikiokota, akatazama nembo, akakifuta kwa aproni, akakilaza penye nafasi yake.

"Sasa kibandiko kitoke," alisema Bronka.

"Kibandiko ni cha mkurugenzi, mama. Na mkurugenzi ni mjukuu wa huyo hapo juu."

Lakini alimwonea huruma. Alitoa kalamu, akaongeza chini kwa mwandiko mzuri: "Kimerudishwa na binti yake."

Genowefa, aliyekuwa ameona kila kitu, alisoma kwa sauti ili na walio nyuma wasikie.

"Umefanya la maana, shoga. Miaka yote hiyo mlikificha wapi?"

Bronka alivua ndara zake, akazirudisha sandukuni. Zile ndogo hazikurudi. Zilikuwa bado chini ya picha, zinasugua.