Vivuli vya Mtaa wa Maseremala

Saa tisa alasiri mpimaji wa hatari alifunga dirisha la ofisi yake benki, maana feni na upepo wa nje vilikuwa vikigombania karatasi zake. Kule chini, kivuli cha mpasua mbao kilivuka barabara kikashikana na cha seremala. Cha seremala na cha fundi makochi. Cha fundi makochi na cha muuza magodoro. Wapita njia waliviruka kama warukavyo mtaro.

Seremala ni mdogo wake mpimaji, tumbo moja. Alikopa benki hiyohiyo, akaweka rehani nyumba anayoishi mama yao.

Kazi ya mpimaji ilikuwa kuiambia kompyuta wakopaji wanategemeana kiasi gani: mmoja akianguka, atamvuta mwenzake, au kila mtu na lwake? Namba ya utegemeano ikiwa ndogo, benki hukopesha kwa moyo mweupe. Meneja aliagiza ipimwe kwa miaka ya neema tu, ambamo hakuanguka mtu.

"Bosi, huko ni kupima mwavuli wakati wa jua."

"Umevuja?" Meneja akacheka. "Tia sahihi, dada."

"Na vile vivuli?"

Meneja akachungulia. "Naviona. Havina safu kwenye jedwali."

Mpimaji akatia sahihi.

Jioni alipitia karakana ya mdogo wake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina nguzo mia, kata moja, zimelala zote."

Seremala akajikuna kwa penseli. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nguzo ni moja. Nyingine zote ni vivuli vyake."

"Mh! Dada, unazeeka vibaya." Lakini aliangalia miguu yake. "Changu kinanivuta tangu juzi. Kinataka kwenda kwa mpasua mbao."

"Kikate."

"Nimejaribu. Msumeno umelika meno." Akashusha sauti. "Usimwambie mama."

Magogo yakakosekana. Mpasua mbao akakaa mlangoni pake, kisha akalala chini. Vivuli vikavutika kwa sauti ya shuka linalokunjwa. Seremala akaanguka na randa mkononi, fundi makochi na misumari mdomoni. Muuza magodoro aliangukia bidhaa yake, naye pia hakuinuka. Walilala macho wazi, wakihema. Mpimaji alimshika mdogo wake kwapani, akavuta mpaka mgongo ukalia. Kumwinua mmoja kulitaka kuinua mtaa mzima.

"Dada, nyumba ya mama..."

"Nyamaza, mdogo wangu."

Dalali wa benki alikuja na kengele, akawaruka mmoja mmoja akisema samahani. Mama akatoka na kiti chake, akaja kukiweka pale alipolala mwanawe ili amkinge jua. Hakuwa na mahali pengine pa kukiweka.

Meneja akaagiza namba ipimwe upya. Walioanguka waliondolewa kwenye jedwali, kwa kuwa si wateja tena. Miongoni mwa waliobaki hakuwapo aliyeanguka hata mmoja, hivyo namba ikatoka ndogo kuliko ya kwanza.

"Safi kabisa," alisema Meneja. "Tia sahihi, dada."

Mpimaji akainama kutafuta kalamu. Chini ya meza, kivuli chake kilikuwa kimeshapita mlangoni, kinateremka ngazi. Kisigino kikaanza kuvutwa.

Akashika meza kwa mkono mmoja, akatia sahihi kwa mwingine.