Mlango wa Mbele

Bernadina alikula kofi moja tu ukubwani, na alilipata kwa sababu ya mlango. Alikuwa mtumishi katika nyumba kubwa ya shamba la mkonge karibu na Mashewa, nyumba iliyojengwa enzi za Mjerumani. Siku moja alipita mlango wa mbele na beseni la nguo, mke wa Mzungu mwenye shamba akamzaba. Watu weusi walipita jikoni, basi.

Sasa shamba lilikuwa mali ya taifa, na nyumba ile ilikuwa imegeuzwa maktaba ya watu wote. Kuta zilipakwa chokaa, rafu zikapigiliwa, vitabu vikaja na lori. Bernadina alipewa kazi ya kufagia na kutunza funguo. Alingoja ufunguzi kwa hamu, aone watu wake wakiingia kwa mbele.

Siku moja kabla, alikuja katibu wa chama, Dunstan, mtoto wa mkata mkonge.

"Mama, kesho mlango wa mbele ni wa wageni wa wilayani. Wananchi watapita jikoni. Sakafu mpya hii, na miguu yao unaijua."

"Hata baba yako alipita jikoni."

"Baba yangu hayupo. Fanya unavyoambiwa."

Maskini akipata, matako hulia mbwata. Bernadina alimtazama akienda zake, akamchukia kwa moyo wote.

Asubuhi aliufunga mlango wa jikoni, ufunguo akautumbukiza chooni. Dunstan alipogundua, wageni walikuwa wanashuka kwenye Landrova.

"Ufunguo uko wapi?"

"Chooni. Ufuate."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze mbele yao, na uwaambie sababu."

Dunstan alikwenda kuwalaki wageni. Hotuba yake ya usawa ilikuwa mfukoni.

Lakini mbele ya nyumba hapakuwa na mwananchi hata mmoja. Bernadina alizunguka nyuma, akawakuta wote wamejipanga mbele ya mlango wa jikoni, wanasubiri wafunguliwe. Dunstan alikuwa hajawatangazia lolote, walikwenda wenyewe. Na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Stefano, mumewe. Hapo Bernadina aliumia kuliko siku ya kofi.

Alimkamata mkono, akamburura hadi barazani, wengine wakifuata nyuma. Mlangoni Stefano aliinama, akaanza kuvua katambuga zake za matairi.

"Vaa," Bernadina alisema.