Sanamu la Wageni

Kila Jumanne saa nne, mwalimu Mukamurenzi aliandika ubaoni hatua saba za kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, na wanafunzi wa sekondari ile ya Gisenyi wakazinakili. Walizijua kama Baba Yetu. Sanamu la plastiki la kujifunzia, kichwa na kifua bila mikono, lilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, Narcisse, ndani ya nailoni yake, mwaka wa pili sasa.

Mukamurenzi alikwisha kuliomba mara tisa. Binti yake Gwiza, aliyekuwa darasa hilohilo, alizaliwa na moyo mbovu.

"Diregiteri, niazime saa moja tu."

"Bon, mwalimu, hii kitu iko ya wageni," alijibu Narcisse. "Watoto wakiichafua, wageni tutawaonesha nini?"

Jumanne ya tatu ya Mei, Gwiza alianguka akiwa anaandika hatua ya nne. Wenzake walimzunguka, wakasoma hatua zote kwa sauti moja, bila kosa. Mama yake alipiga magoti, akaweka viganja kifuani mwa mwanawe, asijue abonyeze kwa nguvu gani. Mikono ile ilizoea chaki. Inauma kusema, lakini aliogopa kumvunja.

Ndipo sanamu likaingia darasani na nailoni yake, likitembea kwa mikono ambayo asubuhi halikuwa nayo. Likamwomba mwalimu asogee. Likabonyeza mara thelathini, likapuliza mara mbili, likarudia mpaka Gwiza akakohoa. Wanafunzi waliandika hayo daftarini.

Narcisse alifika akihema. "Nani ametoboa nailoni?"

"Ni mi," lilijibu sanamu. "Nilihitaji mdomo."

Kesho yake lilivishwa nailoni mpya. Mukamurenzi aliliomba tena, watoto wajifunze kwa mikono yao.

"Wajifunze nini, na yenyewe inajua?" aliuliza Narcisse.

Alasiri tangazo likabandikwa ukutani. Ofisi itafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa kwa kufuli mbili saa kumi na moja jioni. Wanafunzi wenye maradhi ya moyo wazingatie saa za kazi. Jumamosi na Jumapili hakuna huduma.

Mukamurenzi alilisoma mara mbili, akamwita Gwiza aje kulinakili.

"Na saa ya chakula, mama?"

"Hapo pia wanafunga. We ukae tu, usikimbie."