Chumba cha Chini kwa Jemshit Agha

Tangu basi lilipotoka Kayseri, wanawake wa darsa hawakuwa na mazungumzo mengine ila Jemshit Agha, yule bwana mwenye mashamba wa kwenye tamthilia. Shaziye, aliyekusanya majina na kukodi basi, alisimama katikati ya viti ameshika bakuli la majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, akigawa huku akiapa kwamba akimkuta yule Agha atamzaba kibao kimoja cha haki kwa yale aliyomtendea mke wa mwanawe.

"Utamzaba nani wewe," mwenzake akamwambia, "na juzi ulilia alipopigwa risasi?"

"Nililia kwa sababu aliyempiga alilenga vibaya!"

Basi zima likaangua kicheko. Munire naye alitabasamu, akachukua jani moja, akasema bismillahi, akala taratibu. Alikaa dirishani na mkoba wake mapajani. Wenzake walidhani amekuja kama wao, kuona mahali tamthilia ya Ua wa Mawe inapochezwa. Hakuwaambia kwamba nyumba ile ya mawe, ambayo Uturuki nzima iliijua kuwa kasri la Jemshit Agha, ni nyumba ya baba yake. Alizaliwa humo, akafunga Ramadhani yake ya kwanza humo, na akatolewa humo bibi harusi. Na chumba cha chini, kile kinachotazama bustani ya zabibu, kilikuwa chake.

Si chake kwa hati. Kwa hati, Munire hakuwa na hata jiwe moja. Baba yao alipofariki, alifanya kama wafanyavyo dada wote wa upande ule. Mungu amempa mwanamke fungu lake, na serikali imempa, lakini desturi humtazama kwa jicho kali akilitaka. Dada anayedai fungu huambiwa ameufunga mlango wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Siku mumewe akimwacha au akifa, hana pa kurudi. Anayetia sahihi kumwachia kaka yake, huyo mlango ni wake mpaka afe. Basi Munire akaenda ofisi ya ardhi na mdogo wake Nizamettin, akatia sahihi. Nizamettin alimshika mkono kwenye ngazi asije akateleza, na walipotoka akamnunulia supu.

"Dada," alimwambia siku ile, "chumba cha chini ni chako. Ukitaka kesho, njoo kesho. Ukitaka uzeeni, njoo uzeeni."

Marehemu mumewe alikuwa amemwonya. "Chukua haki yako, Munire. Ndugu ni ndugu, lakini hati ni hati." Akamjibu kwamba yeye si mwanamke wa kupimana udongo na mtoto aliyembeba mgongoni. Alijiona mkubwa kwa maneno yale. Alijiona hivyo kwa miaka mingi.

Sasa alikuwa mjane wa mwaka wa nne, akilala kwenye kochi la sebuleni kwa mwanawe Orhan. Mkwewe Tuba alikuwa na mimba ya pili. Hakuna aliyemfukuza, ila kila jambo lilifanyika mbele yake kwa namna ya kumfahamisha. Mara kitanda cha mtoto kilipimwa kwa kamba pale kochi lilipo, mara Tuba aliuliza, akiangalia ukuta, "Hivi watu wa sinema bado tu hawajatoka kwa mjomba?" Mwishowe Orhan mwenyewe akasema, macho chini: "Mama, si mjomba alikuahidi chumba?"

Nizamettin alikuwa amesema kwamba nyumba ameipangisha kwa watu wa tamthilia kwa misimu miwili, kisha itarudi kama ilivyokuwa. Misimu miwili ikapita, ukaja wa tatu. Tangu majira ya kuchipua alikuwa hapokei simu. Ndiyo maana Shaziye alipopita akiandika majina, Munire alisema, "Niandike." Alikuwa anakwenda kumwambia mdogo wake kwamba atahamia kabla ya zabibu kuchumwa.

*

Mabasi mengine manne yalikwisha kufika. Waigizaji walikuwa kwenye mapumziko ya kiangazi, lakini watu walijaa hata hivyo, wanawake wengi, na wanaume wachache wamebeba mikoba ya wake zao. Mbele ya lango kubwa alisimama mzee mmoja amevaa kizibao cheusi cha mtindo wa kale chenye mnyororo wa saa, kofia ya sufu, na fimbo ya kichwa cha fedha.

"Karibuni, karibuni kwa Jemshit Agha!" alipaza sauti. "Mwenye kisasi akiache nje, mwenye njaa aingie!"

Yalikuwa maneno ya kwenye tamthilia, na watu walipiga makofi. Shaziye alikimbilia kando yake apigwe picha.

Munire alitambua sauti kabla ya uso. Alisimama pale pale, watu wakimpita kulia na kushoto. Nizamettin akageuza kichwa kuwakaribisha waliofuata, akamwona. Mdomo ulibaki wazi kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya lango:

"Karibu, mama. Karibu ndani."

Mama. Kama anavyomwambia yeyote. Munire alikuwa mtu wa kutazama kwanza, na kusema baadaye ikibidi. Akaingia na wenzake.

Msichana wa kuongoza wageni alitembea mbele akinyanyua kijibendera. "Hapa ndipo bibi harusi alipopigwa kofi. Na hapa, mama zangu, ndipo alipofungiwa siku tisa bila mkate." Wanawake wakachungulia na kuguna. Shaziye alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alipofungiwa bibi harusi palikuwa jikoni kwa mama yake Munire, na lile shimo la sakafuni waliloambiwa ni la kuzimu lilikuwa tanuri alilookea mikate ya wiki nzima. Munire aligusa ukuta mpya uliokata ua katikati. Jiwe lilibonyea chini ya kidole. Lilikuwa sponji lililopakwa rangi.

"Usiguse, bibi yangu," msichana alisema kwa upole. "Huharibika."

"Samahani, mwanangu."

Walipoanza kupanda ghorofani kuona kitanda cha Agha, Munire alibaki nyuma. Alishuka ngazi sita za kando bila kuzitazama, miguu ilizijua. Chini alikuta foleni ya wanawake. Alidhani ni chumba kingine cha kuonyeshwa, akasimama nyuma ya wa mwisho, akasubiri zamu yake kwa adabu. Akafika mlangoni.

Ndani mlikuwa na vyoo vinne vyenye milango myeupe, na sinki mbili. Sakafu ilikuwa imemwagika maji. Dirisha la kutazama bustani lilikuwa limezibwa kwa matofali ya kioo. Angeweza kujidanganya kwamba amekosea ngazi, lakini ukutani, upande wa kibla, kilikuwepo bado kile kidaka chenye upinde alimokuwa mama yake akiweka Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani. Sasa ilisimama humo chupa kubwa ya sabuni ya maji, na chini yake tone lilikuwa limechuruzika na kukauka.

"Mama, unaingia au huingii?" mwanamke wa nyuma aliuliza. "Sisi wengine tumebanwa!"

"Ingia wewe," Munire alisema.

*

Alimkuta Nizamettin nyuma ya nyumba, karibu na ghala la kuni, amevua ile kofia ya sufu na kujipepea nayo. Ilikuwa kama alikuwa anamngoja.

"Dada Munire. Ungeniambia unakuja."

"Ningekuambia kwa simu ipi?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na mahali pa kukaa. "Kazi nyingi, dada. Unaona mwenyewe watu walivyo."

"Naona. Nimeona na chumba cha chini."

Nizamettin aliiangalia fimbo yake. "Wale watu walisema lazima kuwe na choo. Halmashauri haitoi kibali bila choo. Na bomba la maji lilikuwa linapita kule."

"Watu gani? Nyumba si yako? Umewapangisha, si ndivyo ulivyosema? Mpangaji anaweza kugeuza chumba cha watu kuwa choo na mwenye nyumba anatazama?"

Huyu ndugu yake, tangu mdogo, akifanya kosa alikuwa anajikuna shingo. Alikuwa anajikuna sasa.

"Umeuza," Munire alisema.

"Kijana alitaka kuoa, dada. Mjini bila nyumba nani atampa binti? Na mapaa yale yalikuwa yanaanguka, wewe hukuwepo, hujui theluji ya miaka ile. Akaja bwana mmoja kutoka Istanbul..."

"Lini?"

"Kabla ya watu wa tamthilia."

"Yaani ulipokuwa unaniambia misimu miwili, ulikuwa umekwisha kuuza."

"Sikutaka ukasirike ukiwa na msiba." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka zawadi mfukoni: "Lakini mlango haujafungwa! Mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Njoo siku yoyote, lete na wenzako, hulipi kitu. Nikisema huyu ni dada yangu, nani atakuzuia?"

"Pale langoni hukusema."

Hapo wakatokea mabinti wawili na mama yao, wamechangamka. "Mzee wa lango, tulikuwa tunakutafuta! Picha moja tu!" Nizamettin akavaa kofia upesi, akanyoosha mgongo. Binti mmoja akamkabidhi Munire simu. "Bibi, utusaidie, bonyeza hapo katikati." Munire akaishika kwa mikono miwili. Kwenye kioo alimwona mdogo wake katikati ya watu asiowajua, kidevu juu, mkono kifuani, macho makali ya kuigiza. Alibonyeza. "Moja nyingine, bibi, nilifumba macho!" Akabonyeza tena. Wakamshukuru, wakaenda zao.

Nizamettin hakuivua kofia tena. Alimsogelea, sauti imeshuka.

"Dada, nilikuwa nije kwako wiki ijayo."

"Kuniambia habari ya nyumba?"

"Jina langu limetoka kwenye kura ya hija. Miaka kumi na mitatu nimengoja. Nimekwisha kuzunguka kwa jirani, kwa binamu, hata kwa yule Durmush tuliyegombana naye maji ya shamba, nimewaomba wote wanihalalishie. Umebaki wewe." Macho yake yalikuwa na machozi, na Munire, aliyemjua, aliona kwamba hayakuwa ya uongo. "Unajua mtu haendi kule na haki ya mtu shingoni. Nihalalishie, dada. Neno moja tu."

Ni neno ambalo huko kwao halinyimwi. Husemwa juu ya jeneza, husemwa kituoni askari anapoondoka, husemwa hata kwa muuza mboga. Munire hakuwahi kulizuia kwa mtu yeyote. Alimhalalishia mumewe kwenye kitanda cha hospitali kabla hajaombwa. Sasa alilitafuta, akalikuta lipo, karibu kabisa na ulimi, na akajua kwamba akilitoa litakuwa kama lile jiwe la ukutani.

"Ulipouza," aliuliza, "hukukumbuka kuniomba?"

"Dada..."

"Ningekupa wakati ule, Nizamettin. Nakujua na najijua. Ungekuja ukasema, dada, nauza, mwanangu hana nyumba, ningelia siku mbili na ningekupa."

"Basi nipe sasa."

"Sasa unaniomba kwa ajili ya safari yako, hukunijia kwa ajili yangu." Alitengeneza mtandio wake. "Nenda hija. Siombi ikatazwe kwako, Mungu anisamehe. Lakini nikikuambia nimekuhalalishia, nitakuwa nimesema uongo, na wewe utaubeba uongo wangu mpaka mbele ya Al-Kaaba. Siwezi."

"Utaniacha niende hivi?" Sauti ilikuwa ya yule mtoto wa mgongoni. "Dada, nikifia huko?"

Hilo lilimchoma mahali penyewe. Lile neno lilikuwa bado karibu na ulimi.

"Basi tutasimama wote wawili siku ile," alisema, "na Mwenye kujua atatuuliza."

Akaondoka kwa kupitia ua, katikati ya watu. Nyuma yake hakusikia hatua za mtu. Alipofika kwenye lango alisikia sauti ikiwakaribisha waliofika mchana, imepasuka kidogo mwanzoni, kisha imekaa sawa.

*

Kwenye basi Shaziye alikuwa anaonyesha picha zake kiti baada ya kiti. "Munire, shoga yangu, ulipotelea wapi? Umekosa kitanda cha Agha! Shuka za hariri!"

"Nilikuwa chini," Munire alisema.

"Chini kuna nini zaidi ya choo?"

"Hakuna kitu."

Walikuwa bado hawajatoka kwenye barabara ya vumbi simu yake ilipolia mkobani. Alikuwa Orhan.

"Mama, umemkuta mjomba?"

"Nimemkuta. Mzima."

"Alhamdulillahi. Na kile chumba... mmeongea? Kipo?"

Munire alitazama nje. Wanawake nyuma yake walikuwa wameanza kuimba wimbo wa mwanzo wa tamthilia, kila mmoja kwa sauti yake.

"Hakipo, mwanangu. Nyumba imeuzwa."

Upande wa pili akasikia, kwa mbali, sauti ya Tuba ikiuliza, "Amesemaje?" na mara sauti zote zikafifia, kama mtu anavyofanya anapoziba simu kwa kiganja ili asisikike. Munire hakukata. Aliishika simu sikioni, akangoja waongee wamalize.