Hoja ya Fimbo Moja

Milan Hruska aliliona begi kabla hajamwona aliyelibeba. Lilitangulia kuingia mlangoni mwa baa ya Darlene, refu, jeusi, limejaa mifuko kila upande, na nyuma yake akafuata Efraín Quiles akijikung'uta theluji mabegani.

"Mungu wangu!" Milan akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Quiles anahama. Mke kakufukuza, ndugu?"

Baa nzima ikacheka. Efraín naye akacheka. Akaliweka begi kando ya meza ya pool, akaanza kulifungua taratibu. Ikatoka fimbo nzito ya kufungulia mchezo. Ikatoka nyingine nyepesi, shina lake limevishwa raba nene. Ikatoka glovu ya vidole vitatu, kipande cha kurefushia fimbo, halafu kidude cha shaba chenye meno, cha kuegemezea fimbo mtu asipotaka kuegemeza juu ya mkono wake.

"Na jiko la gesi liko wapi?" akauliza Kocsis, mwenzao wa timu.

"Mfuko wa chini," Efraín akajibu. "Ukishindwa leo nitakukaangia yai uache kulia."

Milan hakucheka safari hii. Alikwenda ukutani, akachukua fimbo ya baa, ile ile aliyoizoea, iliyopinda kidogo, iliyoshikwa na mikono ya nusu ya wanaume wa mji wa Lorain tangu enzi tanuri za chuma zikiwaka. Kwake yeye, fimbo ya ukutani ilikuwa ya wote. Haikumwuliza mtu baba yake nani. Waliokuja na mabegi ya magurudumu walikuwa wale wa mji jirani wa Avon Lake, madaktari wa meno na mameneja, watu wanaonunua kila kitu dukani, hata ustadi, kisha wanashangaa kuukosa begini. Timu ya Darlene ilikuwa ya watu wa kiwandani. Ilikuwa ikiwachapa hao kwa fimbo za ukutani, na hapo ndipo utamu wote ulipokuwa.

Sasa Efraín ndiye wa kumfanyia hivyo! Efraín waliyelala naye kwenye hema langoni mwa kiwanda majira yote ya baridi ya mgomo, wakigawana supu ya kopo.

Milan alikuwa mtu wa kukumbuka. Shule aliiacha akiwa kijana, lakini sheria za kazi alizisoma mwenyewe katika maktaba ya mji, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mawakili wa kampuni wakawa wanamkwepa. Alijua kwa majina kila aliyelivuka lango kuingia kazini wakati wenzake wamegoma. Hadi leo, kiwanda kimebaki magofu, alikuwa hanunui hata mkate kwa mtu ambaye baba yake alivuka. Gari lake likipita pale langoni aliwataja mmoja mmoja, kwa sauti, kama wengine wanavyosali rozari.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, kabla watu wa Avon Lake hawajafika, aliwakusanya wenzake kwenye meza ya kona, akagonga chupa ya bia.

"Ndugu zangu, nina hoja. Timu hii icheze kwa fimbo za ukutani tu. Fimbo moja kwa mtu mmoja. Glovu hapana, vidude hapana. Wao wakija na maghala yao, sisi tuje na mikono yetu. Tukishinda, wajue wameshindwa na nani."

"Anahutubia tena," Kocsis akanung'unika. "Mzee, hapa ni baa, siyo lango la kiwanda."

"Unapinga?"

"Nani kasema napinga? Mimi hata fimbo sina."

"Quiles? Una la kusema?"

Efraín alimtazama kidogo. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayetafuta pa kuanzia, kisha akatikisa kichwa. "Sina."

"Basi wanaounga mkono."

Mikono ikapanda. Wa Efraín ulipanda wa mwisho, polepole, ukakaa hewani.

"Imepita bila upinzani!" Milan akasema, na kifua kikamjaa. Tangu siku za mgomo alikuwa hajasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Efraín akalifunga begi lake, akalisukuma kwa mguu chini ya benchi.

Mchezo wa mwisho ulimwangukia Efraín, akipambana na daktari wa meno. Timu zilikuwa sare. Ukabaki mpira mweusi peke yake mbele ya shimo, na mweupe umenyooka nao. Ni pigo ambalo Efraín angelipiga huku akisimulia habari za wajukuu.

Akainama. Mkono wa kushoto ukatandazwa juu ya kitambaa cha kijani, vidole vikakataa kukunjana. Akaupanga upya. Akavuta fimbo nyuma, na fimbo ikamponyoka. Siyo kwamba alikosea; ilimwanguka tu mkononi, ikagonga sakafu, na kabla ya hapo ncha yake ilikuwa imeshausukuma mpira mweupe ukaenda kutumbukia shimoni, na mchezo ukapotea.

Vijana wa Avon Lake walishangilia. Efraín aliinama kuokota fimbo, akaikosa, akajaribu tena kwa mikono miwili.

Darlene alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta na kikombe cha maji ya moto. Efraín akakizungushia viganja vyote viwili, akafumba macho.

"Wewe nawe na chai zako," Milan akamwambia, akijaribu mzaha. Hasira ya kushindwa ilikuwa bado inamchoma.

Darlene akamgeukia. "Chai? Milan, wewe unafikiri anakunywa chai? Msimu mzima nampa maji matupu. Tazama vidole hivyo."

Akatazama. Vilikuwa vyeupe mpaka kwenye viungo, vyeupe kama vya maiti.

Alivijua. Hakuhitaji daktari kumweleza. Ni vidole vya watu wa nyundo za upepo, walioshika chuma kinachotetemeka zamu baada ya zamu mpaka damu ikasahau njia. Kampuni ilitoa nyundo za aina moja, mpini wa aina moja, glovu hakuna, na anayelalamika aende kunyoosha mikono mbele ya daktari wa kampuni athibitishe kwamba anaumwa. Milan ndiye aliyesimama juu ya pipa langoni akapiga kelele mpaka sauti ikakatika: kila mtu apewe chombo kinachofaa mkono wake! Ndilo lililoanzisha mgomo. Ndilo lililowalaza kwenye theluji.

Jumapili iliyofuata Efraín hakuja. Milan aliitisha kura nyingine, hoja ikafutwa, tena bila upinzani, halafu akaendesha gari hadi nyumbani kwa Quiles.

Alimkuta gereji, hita ndogo miguuni. Begi lilikuwa juu ya meza, limefungwa.

"Tumeifuta ile hoja," Milan akasema akiwa bado mlangoni. "Njoo na begi lako. Njoo na mawili ukitaka."

"Nimesikia. Kocsis alinipigia."

"Kwa nini hukusema, ndugu? Neno moja tu. Ningeacha palepale."

Efraín akacheka bila furaha. "Niseme nini? Nisimame mbele ya watu nikuombe ruhusa ya kuumwa? Hayo tuliyafanya kwa kampuni, Milan. Kwako nisingeyafanya."

"Lakini ulinyoosha mkono. Uliunga mkono mwenyewe."

"Niliunyoosha, ndiyo." Akauinua tena, kama siku ile, na katika mwanga wa gereji vile vidole vikaonekana vyote, vimejipinda, havielekei mahali pamoja. "Nilifikiri utauona. Wewe ndiye uliyekuwa unahesabu mikono."

Milan, yeye aliyewahi kuwanyamazisha mawakili, akautazama mkono ule kidole kwa kidole.

"Sikuchukii," Efraín akasema. "Ila sitacheza tena. Dude la kwanza nililitoa begini roho ikidunda, nikingoja kuona mtacheka kiasi gani. Mlicheka, nikavumilia. Nguvu ya kulifungua mara ya pili sina. Labda baridi ikipungua nitakuja kutazama." Akasogeza hita. "Unakunywa kahawa?"

Walikunywa. Walizungumza habari za paa la kanisa.

Akirudi, Milan alipita mbele ya lango la zamani, na mdomo wake ukaanza wenyewe kutaja majina ya waliovuka. Aliyataja kwa mpangilio uleule wa miaka yote. Alipofika mwisho hakunyamaza kama kawaida yake. Akapunguza mwendo, akaongeza la kwake mwenyewe, "Hruska," na mvuke wa pumzi yake ukatanda kwenye kioo asione barabara.