Kofia ya Ercilia

Ukitaka kunitoa roho, simama mbele yangu wakati narusha. Sisemi pembeni, sisemi nyuma. Mbele, kule kwenye ubao, kichwa kikiwa kimejitokeza juu yake kama cha mtu anayechungulia uani kwa jirani. Hivyo ndivyo alivyofanya Ercilia Pirazán Jumapili ile, mwanamke mzima mwenye wajukuu, tena kavaa kofia nyeupe utadhani anakwenda kwenye ubatizo.

Niseme mapema ili tusidanganyane: Ercilia na mimi hatupendani. Yeye ni wa Rondal, ng'ambo ya mto, mimi wa Chipatoque, na tangu tukiwa wasichana hakuna sikukuu iliyopita bila mmoja wetu kumliza mwenzake uwanjani. Arusi yake sikwenda. Yangu alikuja, akala, akasema nyama ilikuwa ngumu.

Tejo ni mchezo wa watu wenye kelele. Unasimama na kisahani cha chuma mkononi, na kule mwisho wa uwanja kuna sanduku la udongo wa mfinyanzi lililoinamishwa kukutazama. Katikati ya udongo imezikwa pete ya chuma, na juu ya pete zimepangwa fataki za karatasi. Chuma chako kikigonga fataki, inalipuka, watu wanapiga mayowe na kunywa bia. Kikizama kwenye udongo mtupu, bia wanakunywa vilevile, ila wanakucheka. Nyuma ya sanduku kuna ubao mnene wa kuzuia vyuma vinavyopita juu, na mtu mwenye akili hasimami nyuma yake.

Sasa, macho yangu yalianza kuniaga wakati wa kuvuna viazi. Kwanza niliona kama ukungu, nikaulaumu mlima. Kisha ukungu ukaingia na jikoni, na huko mlima haukuhusika. Sikumwambia mtu. Shemeji yangu Leovigildo, mume wa marehemu mdogo wangu, ndiye nahodha wetu, na ana binti, Yaneth, anayerusha vizuri na kuringa vizuri zaidi. Leovigildo alikuwa akingoja sababu tu ya kumweka mahali pangu. Na ile nafasi kwenye timu ndiyo kitu pekee nilichonacho duniani kisichohusu kupika, kukamua wala kufua. Ng'ombe wangu mtu angeweza kuwachukua nikalala usingizi. Nafasi ile, hapana.

Siku ya soko nilikutana na padre mlangoni pa duka la kamba. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamwuliza hali ya mama yake. Padre kimya. Nikasogea, kumbe ni ruana, lile joho zito la sufu, nyeusi, imetundikwa kwenye msumari. Nyuma yangu nikasikia mtu akikohoa, nikageuka, na kwa bahati yangu mbaya nani mwingine kama si Ercilia.

"Mama yake padre hajambo," akasema. "Nilimwona jana. Anakusalimu."

Akalipia kamba yake, akaenda zake. Hakucheka. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mwanamke yule alikuwa na kisu mkononi na shingo yangu mbele yake, akapita. Nikajiambia: anaweka akiba. Atanimaliza Jumapili, mbele ya watu wote.

Jumapili ikafika, na baridi yake. Uwanja ni wa mzee Abdénago, ambaye ni mwamuzi, muuza bia na mlalamikaji mkuu. Tulianza baada ya misa. Leovigildo akanivuta kando.

"Shemeji, leo ukikosakosa kama juzi, mechi ijayo anasimama Yaneth. Nakwambia mapema usije ukasema nimekuficha."

"Umefundishwa adabu na nani wewe?"

"Na mdogo wako."

Nikarusha mara ya kwanza, chuma kikaenda kulia kusikojulikana. Mara ya pili kikaangukia nje ya sanduku, karibu na mbwa. Watu wa Rondal wakaniuliza mbwa alinikosea nini. Leovigildo akamtazama tu Yaneth, na Yaneth akaanza kunyoosha mabega.

Ndipo Ercilia alipoacha wenzake. Alikuwa ametoka kurusha zamu yake, na badala ya kurudi kwenye benchi kunywa, akatembea uwanja mzima mpaka kule kwenye sanduku, akaenda kusimama nyuma ya ubao, katikati kabisa, kofia nyeupe juu. Akatulia.

Damu ikanipanda. Nikasema, loo, basi ndiyo siku yake. Amekuja kuonyesha watu kwamba hata akisimama mbele ya chuma changu hana wasiwasi, kwa sababu siwezi kulenga hata nyumba. Kwa hasira nikailenga kofia ile, chini yake kidogo, nikarusha.

Fataki ikalipuka.

Wa Chipatoque wakaruka. Mimi nilibaki nimesimama na mkono hewani, kwa sababu katika maisha yangu yote sijawahi kushangazwa hivyo na kazi ya mkono wangu mwenyewe. Ercilia akarudi, akarusha zamu yake, akalipua ya kwake, kwa kuwa huyo hana huruma, kisha akatembea tena mpaka kwenye ubao.

Nikarusha. Ikalipuka tena. Iliyofuata nilizidisha nguvu, chuma kikagonga ubao kwa kishindo karibu na sikio lake. Kofia haikutikisika. Hapo nikazidi kuchanganyikiwa. Kama anataka nishindwe, mbona akisimama napata? Na kama anajua kwamba napata, mbona anarudi? Nilijaribu kulipanga jambo lile kichwani kila upande, likakataa kupangika. Nikawaza labda ananipa ushindi mdogo ili aninyang'anye mkubwa. Nikawaza labda amelewa. Lakini Ercilia hanywi mpaka mchezo uishe. Hata hilo huwa linaniudhi.

Leovigildo ndiye aliyelalamika.

"Mzee Abdénago, yule mwanamke anatuwangia. Mechi nzima kasimama pale anamkazia macho shemeji yangu. Aondoke."

"Anamkazia macho na shemeji yako analipua kila mara," mzee akasema. "Hata mimi ningetaka kuwangiwa hivyo."

"Sheria ni sheria. Kusimama mbele ya mrushaji ni kumsumbua."

Mzee akanigeukia. "Mama Custodia, wewe ndiye mrushaji. Anakusumbua?"

Nilijua jibu. Miaka yote ile ningelitoa kabla hajamaliza kuuliza: ndiyo, ananisumbua, ananisumbua hata akiwa kwake amelala. Lakini nikitamka hivyo ataondolewa, na akiondolewa pale patabaki ukungu mtupu.

"Mwache," nikasema.

"Eti?" Leovigildo akashangaa.

"Nimesema mwache. Nataka aone kwa karibu ninavyowapiga."

Wakacheka, mchezo ukaendelea. Lakini mimi moyo haukutulia tena, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelielewa jambo lile nusu, na ile nusu ilikuwa inatisha kuliko kutoelewa kabisa. Alikuwa ananionyesha pa kurusha. Ercilia. Dhidi ya timu yake mwenyewe.

Tukafika mwisho. Rondal walikuwa mbele kidogo. Ercilia alirusha kabla yangu, hakulipua, lakini chuma chake kililala kando ya pete kabisa. Ilibaki zamu yangu, ya mwisho. Nikilipua, tumeshinda. Nisipolipua, pointi inakwenda kwa chuma kilicho karibu na pete, yaani chake, na mechi ni yao. Yeye huyo akafuta udongo mikononi, akashika njia kwenda kwenye ubao.

Hapo mwenzake mmoja, Hermógenes, jitu la sauti kubwa, akashindwa kuvumilia.

"Ercilia, toka hapo! Wewe umerogwa? Huyu mama haoni! Mechi nzima anakulenga wewe! Ondoa hiyo kofia tuone kama atajua hata sanduku liko wapi!"

 Waliokuwa wamekaa karibu na sanduku, wetu na wao, wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kusogea mbali, wengine na viti vyao. Leovigildo alikuwa pale akihesabu fataki. Naye akarudi nyuma, hatua ya kwanza polepole, zilizofuata haraka. Shemeji yangu. Sikuziona sura zao, lakini vivuli vinavyokukimbia unaviona hata kwa macho kama yangu.

Kofia nyeupe ikabaki peke yake.

"Miguu inaniuma," Ercilia akasema kwa sauti ya kawaida. "Nimesimama tu. Rusha, Custodia, watu wana njaa."

Nikainua mkono. Ningeweza kurusha. Ningepata au ningekosa, lakini ningekuwa nimerusha, na mtu anayerusha bado ni mchezaji.  Nikakumbuka kile kishindo kwenye ubao, karibu na sikio lake. Kipande cha chuma kilichojaa kiganja, na mimi kutwa nzima nakitupia kichwa cha mtu, na mtu huyo anajua.

Nikakiweka chuma chini kwenye nyasi.

"Shemeji, unafanya nini?" Leovigildo akaita kutoka alikokimbilia.

"Sioni, Leovigildo. Hermógenes amesema kweli. Sioni pete, sioni fataki. Naona kofia tu, nami sirushi chuma kwenye kofia yenye mtu ndani."

Nilidhani kusema hivyo kungeniua. Hakukuniua, ila machozi yalitoka bila ruhusa yangu.

"Basi," Leovigildo akasema, na hakungoja hata nipumue. "Pole sana, shemeji, ungetuambia mapema. Yaneth, njoo umalizie." Yaneth tayari alikuwa amevua ruana.

Ndipo kofia ikatoka nyuma ya ubao. Ercilia alikuja uwanja mzima akitembea kwa hasira, mpaka akawa mbele yangu, karibu kiasi cha kumwona pua.

"Nani kakwambia uache?"

"Ningekuua."

"Umeshindwa kuniua miaka yote hii, ungeweza leo?" Akageukia wengine. "Yaneth, vaa nguo yako utapata mafua. Mzee Abdénago, mchezo ulioanzwa na mkono huu unamalizwa na mkono upi?"

Mzee alijua swali lile linakokwenda.

"Mkono uleule," akasema. "Mwenye zamu akiugua, sanduku linafunikwa hadi apone. Hakuna anayerusha badala yake. Ndivyo ilivyokuwa mrushaji mmoja, Moyano, alipopasuliwa tumbo hospitalini, na mimi bia zikaniozea."

"Custodia anaumwa macho. Funika sanduku."

"Ercilia!" Hermógenes akapiga kelele. "Tumeshinda!"

"Tumeshinda nini? Zamu yake iko pale chini kwenye nyasi. Iokote wewe kama unaweza."

"Sisi tunakubali kushindwa," Leovigildo akadakia. "Ya nini kufunga uwanja? Wapeni Rondal ushindi, yaishe."

Nikamwelewa haraka kuliko nilivyowahi kuelewa chochote siku ile. Mchezo ukiisha, nafasi yangu iko wazi. Mchezo usipoisha, timu ni ileile, na jina langu halitoki. Shemeji yangu alikuwa tayari kushindwa na Rondal ili aniondoe, na Ercilia alikuwa anaukataa ushindi ili nibaki.

"Hujaulizwa wewe," Ercilia akamwambia. "Anayekubali kushindwa ni mwenye zamu." Akanigeukia. "Unakubali kushindwa, Custodia?"

"Sikubali."

"Nilijua. Kaidi tangu utotoni." Kisha, bila kubadili sauti: "Kesho kutwa kuna basi la asubuhi kwenda mjini Tunja. Kuna daktari wa macho, alimtibu dada yangu. Nitakuja kukuchukua, maana peke yako utapanda lori la maziwa."

"Kwa nini, Ercilia?"

 Watu walikuwa wanaondoka, wa Rondal wakinung'unika, Leovigildo bila kuaga. Mzee Abdénago akaleta magunia aliyoyalowesha ili udongo usikauke, akayatupa karibu na sanduku na kusema mgongo wake haufai, tufunike wenyewe tulioleta balaa. Ercilia akanishika kiwiko, tukaenda.

"Kwa nini?" nikauliza tena. "Nyama ya arusi yangu ulisema ngumu."

"Ilikuwa ngumu. Shika upande huo wa gunia."

Nikanyoosha mkono, nikashika hewa. Nikanyoosha tena. Ercilia akatwaa kidole changu, akakipeleka mpaka kwenye pembe ya gunia lenye baridi, akakikunja juu yake, akangoja hadi nishike vizuri.