Duara Kubwa Kuliko Yote

Mwalimu wa darasa la pili aliwatoa watoto uani wawili wawili, wakatafute maumbo.

"Sitaki ya kuchora," aliwaambia. "Leteni ya kushika. Pembetatu, mraba, duara."

Walirudi mbio mikono imejaa: vifuniko vya chupa, kipande cha kigae, maboksi ya viberiti. Kila kitu kikawekwa mkekani penye umbo lake. Mwalimu alikuwa akicheka nao alipomwona msichana mmoja kasimama mlangoni peke yake, kifuniko cha chupa mkononi.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Chiriku? Amesema hiki changu kidogo. Yeye anakwenda kupima duara kubwa kuliko yote."

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Mwalimu alitega sikio. Uani kimya.

"Duara gani hilo?"

"La nyuma ya jiko. La tangi."

Tangi hilo la maji ya mvua lilichimbwa ardhini, refu kwenda chini kuliko mtu mzima. Mwalimu akamwachia mwenzake wa darasa la jirani watoto, akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Kifuniko cha chuma kilikuwa kando. Chiriku alikuwa amelala kifudifudi, kichwa na mabega vimezama ndani ya tundu, miguu ikichezacheza hewani.

Mwalimu alifungua mdomo apige kelele, akauziba kwa kiganja. Mtoto akishtuka, amekwisha. Akaanza kunyata. Kokoto zikalia. Miguu ikaacha kuchezacheza.

"Nani?" Sauti ilitoka tangini, nzito, kama si ya mtoto.

"Ni mimi, mwanangu. Usigeuke. Tulia hivyohivyo."

"Rula yangu imeanguka, mwalimu. Naiona, inaelea."

Akanyoosha mkono, mwili ukateleza mbele. Mwalimu alijitupa, akamdaka vifundo vya miguu, akavuta mpaka wote wawili wakaanguka chali.

Chiriku alilia kwa sababu ya magoti yaliyochunika. Mwalimu alimkumbatia.

Mpishi alikuja mbio, akaona tundu, akashika kichwa. "Nilichota maji, nikaitwa mara moja tu..."

"Funga," mwalimu alisema. "Funga kwanza, mengine baadaye."

Mchana mama yake Chiriku alipokuja kumchukua, mwalimu alimweleza yote bila kuficha. Mama aliketi palepale mlangoni, akampapasa mwanawe kichwa, mabega, vidole.

"Mimi ndiye niliyewatuma nje," mwalimu alisema.

"Na ndiye uliyemvuta," mama alijibu. Lakini hakumtazama usoni.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu alitia kufuli kwenye kifuniko. Kesho yake watoto walidai kutoka tena, maumbo hayajaisha. Mwalimu aliwatoa. Yeye alisimama nyuma ya jiko, mgongo ukutani, akiwaita kwa majina mmoja mmoja, na akimaliza anaanza upya.